Mkono Upi Uanze? Historia Fupi ya Kuandika Mapigo ya Ngoma, kutoka Beni ya Keya hadi Amadinda

Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi madukani, lakini katika makala haya tunapenda kuihamishia kwenye ngoma. Swali letu, ukilitazama juu juu, ni dogo: mtu anapotaka kuandika pigo la ngoma, ataandikaje mkono uliolipiga? Wapigaji wa ngoma za jeshi wa Ulaya na Marekani wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya miaka 200. Mafundi wa Buganda nao walikuwa na jibu lao kabla ya kitabu chochote cha muziki kufika Mengo. Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala tunahusika pia, kwa sababu ngoma ya beni iliingia nchini mwetu ikiwa imefuatana na lugha tunayoifundisha.

Ngoma iliyokuja na gwaride

Mnamo Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi katika kilima ambacho leo tunakiita Old Kampala. Pamoja naye walikuwapo askari na wapagazi, wengi wao wakizungumza Kiswahili cha pwani. Mwaka uliofuata alisafiri kuelekea magharibi na kuwachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, wakiwa chini ya Selim Bey. Hawa walikuwa wametumikia serikali ya Misri, ambayo jeshi lake lilifunzwa kwa mtindo wa Ulaya. Mwaka 1895 kikaundwa kikosi cha Uganda Rifles. Mwaka 1897 sehemu ya Wasudani hao iliasi, na tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Uingereza vya Afrika Mashariki na Kati viliunganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wasemaji wa Kiswahili walilipa jina la Keya. Batalioni ya 4 ndiyo iliyokuwa ya Uganda, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Bombo, kaskazini mwa Kampala.

Askari wa Keya walitoka katika makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wao kwa wao na pia na maofisa wao. Ukitaka kuona jinsi muziki na lugha vilivyosafiri pamoja, tazama msamiati wenyewe. Neno gwaride limetokana na neno la Kiingereza la ulinzi, buruji ni baragumu la jeshi, na beni ni bendi iliyovaa kanzu ya Kiswahili. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi watu wa Lamu na Mombasa walivyoanza katika miaka ya 1890 kuigeuza kwata ya wazungu kuwa mchezo wao wenyewe. Alieleza pia jinsi Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilivyoisambaza ngoma hiyo hadi bara.

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, batalioni ile ya 4 ikawa Uganda Rifles, na baadaye jeshi la taifa. Bendera ilibadilika lakini ngoma ya ubavuni ikabaki. Hadi leo tunaisikia katika bendi za jeshi, polisi na magereza, shuleni, na hata katika misafara ya arusi jijini.

Mapigo ya msingi na shida ya mkono

Ngoma tunayoizungumzia ni ile ndogo ya beni, yenye ngozi mbili na nyuzi zilizotandazwa chini ya ngozi ya chini. Nyuzi hizo ndizo zinazoipa sauti yake ya kukereza. Hupigwa kwa mikwiro miwili. Zamani mpigaji aliitundika kwa mkanda uliopita bega la kulia, nayo ikalala juu ya paja la kushoto ikiwa imeinama upande mmoja. Kwa sababu ya mwinamo huo, mkono wa kushoto ulilazimika kushika mkwiro kwa namna nyingine, kiganja kikitazama juu. Hivyo basi mikono miwili haikuwa sawa. Fundi hakuweza kuacha mmoja ufanye kazi yote na mwingine ufuate tu, na hapo ndipo yalipozaliwa mazoezi maalumu ya kuifunza mikono yote miwili kuanza na kumaliza. Sisi tutayaita mapigo ya msingi.

Mwaka 1812 Charles Stewart Ashworth alichapisha nchini Marekani kitabu kilichoyapanga mapigo hayo kama masomo ya mwanzo. Mwaka 1817 Samuel Potter, kiongozi wa wapiga ngoma wa kikosi cha Coldstream Guards, alitoa chake Uingereza. Mwaka 1933 wapigaji wa Marekani walikutana Chicago wakaunda chama chao na kukubaliana juu ya orodha ya mapigo 13, ambayo baadaye ilifika 26. Orodha inayotumiwa sana siku hizi, iliyotolewa mwaka 1984 na chama cha Percussive Arts Society, ina mapigo 40.

Sasa tuone shida yenyewe. Chukua mapigo manane yaliyo sawa kwa muda na kwa nguvu. Unaweza kuyapiga kwa kupokezana mkono mmoja mmoja. Unaweza kuyapiga mawili mawili, kulia mara mbili na kushoto mara mbili. Wapigaji wa Kiingereza walilifananisha pigo hili na mtoto mchanga anayemwita baba kisha mama. Au unaweza kuyapiga kwa mtindo uitwao paradidoli: kulia, kushoto, kulia kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto kushoto. Katika mistari mitano ya muziki wa Ulaya, mitindo hii mitatu huandikwa sawasawa: noti nane, basi. Maandishi hayo hukuambia ni wakati gani wa kupiga, wala hayakuambii nani apige.

Kwa mpigaji tofauti hiyo ni kubwa. Katika paradidoli, kundi la kwanza la mapigo manne huanzwa na mkono wa kulia na la pili na wa kushoto, kwa hiyo mkazo hugawanywa kwa haki kati ya mikono miwili. Katika kupokezana kwa kawaida, kila kundi la manne huanzwa na mkono ule ule. Mwanafunzi aliyepewa noti bila mkono atajifunza kitu kingine kabisa, na mwalimu wake hatajua hadi kasi itakapoongezeka na mkono mmoja kuchoka.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuandika herufi chini ya kila noti, R kwa kulia na L kwa kushoto. Dawa ya pili ilitoka Basel, Uswisi, mji wenye desturi kongwe ya kupiga ngoma mitaani. Mwaka 1928 Fritz Berger alichapisha utaratibu wa kutumia mstari mmoja tu: noti iliyo juu ya mstari ni ya mkono wa kulia, na iliyo chini yake ni ya mkono wa kushoto. Jicho huona mikono ikitembea, na hakuna herufi ya kusoma.

Jibu la Buganda

Turudi nyumbani. Buganda ilikuwa na daftari lisilo la karatasi, nalo ni maneno. Kila ukoo una omubala wake, yaani mlio wa ngoma unaobebwa na usemi, na anayeujua usemi anaujua mlio. Mlio wa hatari uitwao ggwanga mujje huwaita watu wote waje, na ule wa saagala agalamidde huwatoa watu vitandani kwenda kufanya kazi ya pamoja. Jina la mlio ndilo maandishi yake.

Katika amadinda, marimba ya vipande 12, Waganda waligawanya mapigo kwa njia ambayo mpigaji wa beni angeistaajabia. Omunazi huanza kwa mapigo yaliyoachana sawasawa. Omwawuzi, aliyeketi kumkabili, hutia mapigo yake katika nafasi zilizobaki wazi. Kila mmoja hupiga kwa mikono yote miwili kwa pamoja, sauti ile ile juu na chini. Mtu wa tatu, omukoonezi, hushughulika na vipande viwili vya mwisho vyenye sauti nyembamba. Kwa maneno mengine, ule upokezanaji wa kulia na kushoto unaofanywa na mpiga beni mmoja, hapa hufanywa na watu wawili. Mkono umekuwa mtu.

Muziki huu uliandikwa katika karne ya 20. Joseph Kyagambiddwa alichapisha kitabu chake juu ya muziki wa chimbuko la Nile mwaka 1955. Gerhard Kubik kutoka Austria alijifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka aliyefanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na kuanzia mwaka 1960 akatoa maandishi yanayotumia tarakimu 1 hadi 5 kwa sauti tano, na nukta kwa nafasi tupu. Sehemu ya kila mpigaji huandikwa peke yake, hivyo tunajua ni nani anayepiga. Na kwa kuwa kila mpigaji hutumia mikono miwili pamoja, swali la mkono upi hujijibu lenyewe. Lakini njia hiyo haitufikishi kwenye nankasa, ngoma ndogo ya baakisimba inayopigwa kwa vijiti viwili juu ya ngozi moja. Hapo tarakimu za sauti hazisaidii, na tunarudi pale pale alipokuwa mpiga beni.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana mwaka 1966. Mwezi Mei mwaka huo jeshi la serikali lilishambulia Lubiri ya Mengo, na Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni. Mwaka 1967 falme zikafutwa. Wanamuziki wa kasri walitawanyika, na miongoni mwa vilivyonyamaza ni entenga, ngoma 15 zilizopigwa na watu sita, 12 kati yake zikiwa zimepangwa kwa sauti kama amadinda. Hatuna budi kukumbuka kwamba jeshi lililovunja Lubiri lilikuwa mrithi wa Keya, jeshi lile lile lililotuletea ngoma ya ubavuni. Ngoma za beni zilikuwa na vitabu na vyuo vya kuzifundisha, ilhali entenga ilikuwa na watu tu.

Falme zilirudishwa mwaka 1993. Hugh Tracey alikuwa amenasa sauti za entenga mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kanda hizo ni hazina. Hata hivyo, katika miaka ya 2010, James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoongoza juhudi za kuifufua, vijana walihitaji mzee aliyewahi kuipiga awafundishe. Sauti iliyonaswa haionyeshi mikono.

Kiswahili kichague herufi gani?

Tukitaka kufundisha mapigo haya kwa Kiswahili, tunakutana na kikwazo cha kiisimu. Kulia na kushoto yote mawili huanza na K. Tukichukua silabi ya pili tunapata L na S, lakini L katika vitabu vya Kiingereza ni kushoto. Mwanafunzi wa Kampala anayesoma vitabu vya aina zote mbili atageuza mikono. Jozi ya zamani ya kuume na kuke ina kikwazo kile kile cha ku-, na kuke halisikiki tena madarasani. Luganda kina ddyo na kkono, yaani D na K, ambazo hazigongani. Lakini hapo K ni kushoto, na Mswahili ataidhania kuwa ni kulia.

Maoni yetu ni kwamba kalamu na mdomo vigawane kazi. Katika karatasi tutumie mstari mmoja, kulia juu na kushoto chini, kwa sababu mstari hauna lugha. Katika kinywa tutumie silabi zetu, li na sho. Kupokezana ni li-sho-li-sho. Mawili mawili ni li-li-sho-sho. Paradidoli ni li-sho-li-li, sho-li-sho-sho. Pigo lile la mikono miwili inayokaribia kugonga pamoja, mmoja kwa ulaini na mwingine kwa nguvu, litamkwe kwa mkupuo kama neno moja: sholi kama nguvu iko kulia, lisho kama iko kushoto. Mwanafunzi aseme kwanza, kisha apige. Hilo si jambo geni kwetu, kwani ndivyo omubala ulivyohifadhiwa, kwa usemi.

Hitimisho

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mara nyingi tukizungumzia istilahi tunafikiria sheria, tiba na kompyuta, na kwa hakika hizo zinahitajika. Lakini lugha inayoweza kumwambia mtoto wa shule ni mkono upi uanze, naye akaelewa mara moja, imeingia mahali ambapo kamusi peke yake haifiki. Tunawaalika wasomaji, hasa wale walio na jamaa katika bendi na vikundi vya baakisimba, watuletee silabi na majina ya mapigo yanayotumika huko, kwa Luganda, Kinubi au Kiswahili, tuyaandike pamoja na mkono wake. Wazee wanaoyajua wapo leo, na daftari tunalo.