Nishani za Kijerumani za Wakati wa Vita: Kuzitambua na Kuzithamini

Neno nishani limetufikia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni alama. Yafaa maana hiyo ikumbukwe na kila atakaye kuzichunguza nishani za Kijerumani za vita viwili vikuu, kwani kitu hicho kidogo cha madini kimebeba alama nyingi kuliko zile alizozikusudia mwenye kukitoa. Zilizokusudiwa ni ushujaa, jeraha au utumishi. Zisizokusudiwa ni aina ya madini, namna pini ilivyotiwa, na tarakimu zilizopigwa mgongoni. Hizi za pili husomwa kama tusomavyo miswada yetu ya kale: mchunguzi hatosheki na tarehe iliyoandikwa na mnakili, bali huiinua karatasi mwangani apate kuiona alama ya kiwanda.

Na tuanze na Msalaba wa Chuma. Uliasisiwa na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia tarehe 10 Machi 1813, katika vita vya kumpinga Napoleon, ukahuishwa tena mwaka 1870, 1914 na 1939. Daraja ya pili huning'inizwa kwa utepe. Daraja ya kwanza hubandikwa kifuani kwa pini. Ule wa 1914 una taji, herufi W na mwaka. Ule wa 1939 una swastika. Kwa kawaida moyo wake ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi, nao umeshikwa baina ya fremu mbili zilizoungwa kwa lehemu. Kwa hiyo msalaba uliosubiwa kuwa kipande kimoja ni wa kutiliwa shaka. Wengi huutumia pia mtihani wa sumaku, lakini mtihani huo peke yake haukati shauri, maana iko misalaba michache ya kweli ambayo moyo wake si wa chuma.

Ya pili ni beji ya majeruhi, iliyoanzishwa tarehe 3 Machi 1918. Nyeusi ilikuwa ya aliyejeruhiwa mara 1 au 2, ya rangi ya fedha mara 3 au 4, na ya rangi ya dhahabu mara 5 au zaidi. Aliyepoteza kiungo aliweza kupewa daraja ya juu bila kuitimiza hesabu hiyo. Sura yake ni kofia ya chuma juu ya panga mbili zilizopishana, ndani ya shada la majani. Katika beji ya 1939 kofia hiyo ilitiwa swastika.

Hapa ndipo madini yanapoanza kusema. Mwanzoni mwa vita vya pili beji nyingi zilifanywa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao huishika vema rangi ya fedha au dhahabu. Vita vilipoendelea shaba ikaadimika, viwanda vikageukia zinki tupu, nayo haiwezi kuishika rangi hiyo kwa miaka mingi. Basi beji iliyopauka si lazima iwe bandia. Bali ile ya zinki ing'aayo kama ya jana ndiyo ya kutazamwa mara mbili. Twasoma humo hali ya dola iliyokosa shaba, lakini haikukosa majeruhi wa kupewa beji.

Tarakimu za mgongoni nazo zina sarufi yake. Kiwanda cha Steinhauer & Lück cha Lüdenscheid, mathalani, kilikuwa na namba 4 kwa nishani zilizotolewa na serikali, na L/16 kwa zile zilizouzwa madukani kwa askari waliokwisha kutunukiwa na waliotaka nyingine. Alama moja yatuambia kitu kilipewa. Nyingine, kwamba kilinunuliwa. Vyote viwili ni vya kweli, wala havina ushahidi mmoja.

Shida kubwa yatokana na sheria ya tarehe 26 Julai 1957. Kwa sheria hiyo Ujerumani ya Magharibi iliwaruhusu askari wa zamani kuzivaa nishani zao, ila ziwe zimeondolewa swastika. Viwanda vile vile vikafanya nishani mpya, na Msalaba wa Chuma ukatiwa majani ya mwaloni mahali pa swastika. Hizo si bandia, kama nakala ya utenzi iliyoandikwa na mjukuu wa mnakili wa kwanza isivyokuwa bandia. Uongo huingia pale kitu cha baadaye kinapopewa tarehe ya mbele.

Ama thamani, hupimwa kwa uchache, hali ya kitu, kiwanda chake, na hati iliyofuatana nacho. Beji nyeusi ni nyingi mno, hivyo bei yake ni ndogo. Ya dhahabu ni haba. Hati yenye jina, kikosi na tarehe huongeza thamani, kwani humrudisha mtu aliyetengwa na kitu chake. Lakini hati nayo hughushiwa; hapana budi kukichunguza kitu kwanza, ndipo kusikiliza masimulizi ya muuzaji.

Vita vya 1914 vilifika kwetu pia. Jemadari Lettow-Vorbeck alitunukiwa nishani ya Pour le Mérite mwaka 1916, akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Novemba 1918. Mwaka 1922 Ujerumani ikatoa beji yenye sura ya tembo kwa waliotumika katika makoloni. Lakini wapagazi waliokufa katika vita hivyo, kwa pande zote mbili, wahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na walio wengi hawakuachiwa hata kipande cha bati chenye majina yao. Mnunuzi huipima nishani kwa uchache wake. Mwanahistoria yampasa kuipima pamoja na vifua ambavyo haikubandikwa.