Nani Kawahesabu?

Najua nimewatupa mkono wiki mbili nzima, ni insha ya historia ndo iliyonimaliza. Mada ilikuwa utumwa wa kisasa. Mie nikachagua Mauritania, nikaanza kwa mbwembwe kwamba asilimia 20 ya watu wa kule ni watumwa. Karatasi ikarudi na wino mwekundu pembeni: "Nani kawahesabu?" Maneno mawili tu, ila yaliniuma.

Basi nikarudi maktaba. Jamani! Hiyo 20 niliitoa kwenye habari ya CNN ya mwaka 2012, nao walisema kati ya 10 na 20. Ripoti ya kwanza ya Walk Free, 2013, ikasema kama asilimia 4. Mwaka 2016 hao hao wakaja na watu 43,000, yaani kama asilimia 1. 2018 wakawa 90,000, na 2023 wamefika 149,000. Ukisoma haraka utadhani waliachiwa huru halafu wakakamatwa upya! Kumbe ni makadirio, na njia ya kukadiria imekuwa ikibadilika.

Hata dunia nzima ni hivyo hivyo. ILO mwaka 2005 walisema milioni 12.3, mwaka 2022 milioni 49.6, lakini hii ya pili ina ndoa za kulazimishwa ndani yake, kama milioni 22. Sasa utalinganishaje?

Mwenzangu wa chumbani akaniambia, "We nawe, hata angekuwa mmoja si ni mtumwa?" Ni kweli. Ila wakubwa wa kule kwa miaka mingi wamekuwa wakisema yamebaki mabaki tu ya utumwa. Mimi nikija na asilimia 20 ya hewani, wanaibomoa hiyo namba na kila kitu kinaanguka nayo.

Kisichobomoka kipo. Utumwa ulifutwa 1981, lakini sheria ya kumwadhibu bwana ikaja 2007. Novemba 2011 mahakama ikamfunga bwana mmoja miaka 2 kwa kuwafanya watumwa wavulana wawili ndugu. Baada ya miezi michache akatoka kwa dhamana. Desemba 2017 kamati ya Afrika ya haki za mtoto ikaamua kwamba serikali ilikiuka haki za watoto hao.

Insha mpya inaanza na hao wavulana wawili. Mwisho wa kukusanya ni Ijumaa, na bado nina kurasa nne, kwa hiyo tusilaumiane nikipotea tena.