Siti, Kidude, Shakila au Kopa? Ubishi wa taarab usioisha Bagamoyo

Sema mbele ya wazee wa Bagamoyo kwamba Khadija Kopa ndiye malkia wa taarab, halafu subiri. Kahawa haijapoa, mmoja atauliza: na Shakila je? Wa pili atamleta Bi Kidude. Wa tatu, mara nyingi ndiye mkubwa kwa umri, atasema malkia alikuwa mmoja tu, Siti binti Saad, na wengine wote wamepokea kutoka kwake.

Ubishi huu una sababu ya kuwa mkali hapa. Bagamoyo inatazamana na Unguja, na kilichopigwa upande mmoja kilivuka na majahazi hadi upande wa pili. Taarab inasimuliwa kuwa iliingia kwenye kasri la Unguja kutoka Misri enzi za Sultan Barghash (1870–1888), ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti, mtoto wa Fumba, ndiye anayepewa sifa ya kuitoa huko na kuipa Kiswahili cha watu wa kawaida. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki 1950.

Wimbo mmoja, sauti mbili

Kumlinganisha Siti na Bi Kidude kunawezekana kwa sababu waliimba nyimbo zilezile. Kidude alizijua nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, kisha akaziimba mpaka uzeeni. Chukua "Kijiti", wimbo unaohusu kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa Unguja na muuaji akakimbilia bara. Siti anauimba kama mtu anayetoa ushahidi: sauti ya puani kidogo, neno halimezwi, kila ubeti unafika. Kidude anauimba kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyekwishalia akamaliza, sasa amebaki na hasira.

Mashabiki wa Siti wanasema hapo kazi imekwisha: taarab ni maneno, na asiyetamka vizuri ameharibu. Wa Kidude wanajibu kwamba maneno yanaweza kusomwa tu, sauti ndiyo inayokufanya usimame. Huwezi kusema upande wowote umekosea.

Ila kuna jambo wote wawili husahau. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika 3 tu, wakati nyimbo za Siti kwenye hadhara zilikwenda kwa muda mrefu, beti baada ya beti. Tunachosikia leo ni kipande, tena chenye mikwaruzo. Kidude naye, rekodi zake zinazojulikana zaidi zilifanywa akiwa tayari bibi mzee. Tuzo ya WOMEX aliipata 2005, na alifariki Aprili 2013. Kwa hiyo mmoja tunamhukumu kwa mashine mbovu, mwingine kwa sauti iliyokwishazeeka. Ujana wa Kidude kwenye kipaza sauti, karibu hatuna.

Binti wa Pangani

Ukipanda na pwani kwenda kaskazini, ukaipita Saadani, unafika Pangani. Ndiko alikozaliwa Shakila binti Said, 1947. Huyu hakutokea Unguja, na pengine ndiyo maana hutajwa wa tatu au wa nne wakati anastahili kuanza.

Shakila alitamba na Black Star ya Tanga, baadaye Lucky Star. Makundi haya yalifanya jambo ambalo wapenzi wa taarab ya Unguja hawakulipenda mwanzoni: badala ya safu ndefu ya fidla, ganuni na udi, yakaweka gitaa, besi, kinanda na ngoma chache. Muziki ukapungua uzito, mwimbaji akabaki wazi, hana pa kujificha. Shakila hakuhitaji kujificha. Sikiliza "Macho Yanacheka", wimbo wa mtu anayetabasamu huku ndani anaungua. Hapandishi sauti pale ambapo mwingine angepiga kelele. Anaishusha, anavuta pumzi, anaendelea, na msikilizaji ndiye anayeumia. Baadaye aliimba na JKT Taarab ya Dar es Salaam. Alifariki Agosti 2016.

Kwa sauti peke yake, kwa upande wa bara, ni vigumu kumpata wa kumpita.

Mipasho ikabadilisha vipimo

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Khadija Kopa akiwa Tanzania One Theatre, kundi la Kapteni John Komba, na Nasma Khamis, yaani Nasma Kidogo, akiwa Muungano ya Norbert Chenga, walifanya taarab iwe kama mechi ya Simba na Yanga. Kila mmoja anaimba, mwenzake anajibu, na ukumbi umegawanyika. Maneno ya mafumbo yakavuliwa nguo.

Hapa swali la nani ana sauti tamu likawa dogo. Likaja la nani amempiga mwenzake kijembe kikaingia. Na hata mtazamaji ana sehemu yake: anayekwenda kutunza hachagui wimbo ovyo. Anasubiri ubeti unaomgusa mbaya wake, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu hadi jukwaani, na huku akimtupia jicho mhusika. Wakati mwingine ugomvi wa mtaa mzima umesemwa hivyo, bila mtu kufungua mdomo. Mwimbaji wa mipasho hupimwa kwa hilo: ubeti wake umeinua watu wangapi?

Kopa alikuwa na kila kitu kwa kazi hiyo: sauti kubwa, umbo la jukwaani, na utani usoni. Nasma alikuwa mkali wa kimyakimya, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba kijembe chake kilichelewa kuuma lakini hakikupoa.

Wazee wanaolalamika kwamba mipasho imeua taarab wasahau kidogo hasira zao. Siti naye aliwataja watu kwa majina, ndani ya "Kijiti" kwenyewe, na mahakama hakuiacha.

Vijana wengi siku hizi wanazipata nyimbo hizi kwa vipande vya WhatsApp, bila jina la mwimbaji. Ukipata kimoja, uliza ni nani anayeimba. Mtu mzima yeyote wa mtaani atakujibu kabla hujamaliza swali, na aliyekaa pembeni yake atambishia.