Matamshi ya Kilatini na Ushahidi wa Agano Jipya

Mwanafunzi wa theolojia anayesoma historia ya Kanisa hukutana mapema na swali hili: jina la Cicero litamkwe vipi? Mtaliano husema Chichero, Mjerumani Tsitsero, Mwingereza Sisero. Nao wataalamu wanaofuata matamshi ya kale husema Kikero. Wote wanne wanasoma herufi zilezile.

Tofauti hiyo haikubaki Ulaya. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Ujerumani, walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka 1896. Zote mbili ziliharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Ndanda. Kwa njia ya misheni hizo Misa ya Kilatini iliwafikia Wamwera na jirani zao, katika nchi zilimo leo wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Katika shule za Ujerumani neno caeli, yaani “ya mbinguni”, lilisomwa tseli. Lakini mwaka 1912 Papa Pio wa 10 alimwandikia Askofu Mkuu wa Bourges, Ufaransa, akiyasifu matamshi ya Roma, ambayo kwayo neno hilo ni cheli. Desturi ya Roma ikaenea, ingawa hata leo Wajerumani wengi wameshika ya kwao. Mwaka 1963 liliundwa Jimbo Katoliki la Nachingwea, ambalo tangu 1986 huitwa Lindi. Na mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji zitumike katika ibada.

Je, matamshi yapi ni ya kale zaidi? Ushahidi tunao mikononi mwetu. Injili ya Marko, iliyoandikwa kwa Kiyunani, inatumia maneno yaliyoazimwa kwa Warumi: centurio imeandikwa kenturion (15:39), na census imeandikwa kensos (12:14), yote kwa herufi kapa. Kama Warumi wa siku zile wangalitamka che au tse, Wayunani wasingaliandika hivyo. Biblia yetu ya Kiswahili nayo, kwa kufuata Kiyunani, imehifadhi majina Kaisari na Praitorio. Basi mzee wa Ruangwa asiyejua Kilatini, anapomtaja Kaisari, yu karibu zaidi na sauti ya Roma ya kale kuliko msomi asemaye Chesar.

Erasmus alikwisha kuandika juu ya jambo hili mwaka 1528, akionyesha jinsi wasomi wa Ulaya walivyokipotosha Kilatini, kila taifa kwa lafudhi yake. Luther naye, alipotoa Misa ya Kijerumani mwaka 1526, hakutaka Kilatini kiondolewe kabisa katika ibada, kwa ajili ya malezi ya vijana. Hata hivyo hakukifanya sharti la wokovu.

Hapa pana fundisho kwa mchungaji. Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi lilisali kwa lugha moja yenye matamshi mengi, na Injili haikupotea. Tujifunze matamshi ya kale, maana hutusaidia kuyaelewa Maandiko. Lakini msomaji wa somo kule Nachingwea, ambaye lugha ya mama yake inasikika ndani ya Kiswahili chake, asichekwe wala asinyimwe zamu yake. Wanaomcheka wasisahau kwamba hata lugha ya Roma haikupata kuwa na ulimi mmoja.