Banda la Kenya Venice: Nani Aliyeteua?

Mwaka wa 2013 Kenya ilipata banda lake la kwanza katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Ajabu ni kuwa wasanii wengi walioteuliwa walikuwa Wachina. Mwaka wa 2015 orodha ikawa ya Wachina tena, pamoja na Mkenya Yvonne Amolo na Mwitaliano Armando Tanzini, mkazi wa Malindi. Wasanii wa Nairobi wakateta, naye Waziri Hassan Wario akalikana banda hilo. Kwa maoni yangu, ugeni haukuwa kosa. Kosa ni jina la nchi kutumiwa bila wenyewe kushauriwa. (Sisi walimu wa vitabu teule twalijua jambo hili!) Michael Soi alijibu kwa brashi: msururu mzima wa picha za tashtiti kuhusu aibu hiyo.