Kilwa Kisiwani na Nguo za Khambhat

Kamati ya maadhimisho ilipotuomba tuandike makala ya historia kwa ajili ya kitabu hiki, bila shaka ilitarajia tuanzie pale tunapoanzia siku zote: babu aliyeshuka jahazini na sanduku la bati, duka la kwanza, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, na pamba. Habari hizo wenzetu wamekwisha kuziandika, na wanazijua kuliko sisi. Tumeomba ruhusa ya kurudi nyuma zaidi ya miaka 600, na kwenda mbali na ziwa letu, hadi kijiji kimoja cha kisiwani katika pwani ya kusini ya nchi hii.

Sababu yetu ni hii. Katika mji wetu kuna kauli mbili zisemwazo mara kwa mara. Wazee wetu wengine hupenda kusema kwamba ni sisi watu wa Gujarat tuliofungua biashara katika nchi hii. Majirani zetu wengine husema kwamba tulikuja nyuma ya Mjerumani na Mwingereza, kama mizigo yao. Mtu akikaa na habari za Kilwa, anaona kwamba kauli zote mbili zimepungukiwa, na kwamba upungufu wake ni wa namna moja: zote zinadhani kwamba kabla ya mgeni hapakuwa na soko.

Kilwa Kisiwani leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima wadogo, mkabala na mji wa Kilwa Masoko katika Mkoa wa Lindi. Katikati ya nyumba za miti na udongo yamesimama magofu ya matumbawe na chokaa: Msikiti Mkuu wenye kuba, makaburi ya masultani, majumba yaliyoanguka, na mbali kidogo, juu ya jabali la bahari, Husuni Kubwa. Mwaka 1981 magofu haya, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kitabu cha kale cha habari za Kilwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, kinasema kwamba ukoo wa kwanza wa watawala ulitoka Shiraz katika nchi ya Uajemi, kwa merikebu 7. Ali bin al-Hasan alipofika alikikuta kisiwa kina mwenyewe, naye akakinunua. Bei yake ilikuwa nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Yule mwenye kisiwa akachukua nguo zake akavuka kwenda bara, akiwa na nia ya kurudi maji yakipwa ili akinyang'anye tena. Lakini aliporudi alikuta mkondo umechimbwa na hauvukiki kwa miguu. Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta tukipima kitambaa kwa yadi tunaisoma hadithi hii kwa tabasamu, kwa kuwa ni hadithi ya biashara mwanzo hadi mwisho, na kila upande ulikuwa na hila yake.

Wataalamu wa mambo ya kale hawaichukui hadithi hiyo neno kwa neno. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alionyesha kwamba kabla ya jiwe la kwanza la chokaa palikuwa na kijiji cha wenyeji waliovua samaki, wakafua chuma na kufinyanga vyungu vyao, karne kadhaa kabla ya sultani yeyote. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani. Ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume kutoka ng'ambo, wengi wao Waajemi na wachache wenye asili ya India, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Hivyo hadithi ya Shiraz si uongo mtupu. Ila mji ulikuwa wa akina mama wenyeji, na lugha waliyowafundisha watoto wao ni hii tunayoiandika hapa.

Ukoo wa Shiraz ulitawala hadi mwishoni mwa karne ya 13, ukafuatwa na ukoo wa Mahdali, wenye nasaba ya Yemeni, unaojulikana pia kwa jina la Abu'l-Mawahib. Hao ndio walioifikisha Kilwa kileleni, na kilele hicho kilisimama juu ya dhahabu isiyochimbwa Kilwa hata kidogo. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Joao de Barros, mwandishi wa Ureno, anasimulia jinsi Kilwa ilivyoijua njia hiyo: mvuvi mmoja alikuwa nje ya mlango wa bandari na mshipi wake, akanasa samaki mkubwa mno, akakokotwa na kusukumwa na mikondo hadi Sofala, ambako aliikuta merikebu ya Mogadishu ikipakia dhahabu. Jirani zetu wavuvi wa Kirumba na Igombe wataamua wenyewe waisadiki kiasi gani habari ya samaki yule. Lililo la hakika ni kwamba Kilwa iliitwaa biashara ya Sofala, na haikuiachia kwa muda mrefu.

Pepo nazo ziliisaidia. Chombo kilichotoka Gujarat kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurudi na kusi katika mwaka uleule. Kikithubutu kwenda Sofala, msimu ulikipita, na nahodha angelazimika kungoja ugenini mwaka mzima huku mtaji umelala. Kwa hiyo tajiri wa Khambhat aliishia Kilwa, akauza kwa bei ya Kilwa na kulipa ushuru wa Kilwa. Njia ya kusini ilibaki mikononi mwa wenye pwani. Wasomaji wetu wafanyabiashara wataelewa uzito wa jambo hilo bila maelezo zaidi.

Sultani mashuhuri kuliko wote ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Alipanua Msikiti Mkuu na kuanza kujenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100, bwawa la kuogelea la pembe 8, na upande wa kusini uwanja mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo Chittick aliona kuwa ni ghala za bidhaa. Tunakiri kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyotuvutia kuliko bwawa. Huyu alikuwa mfalme aliyelala ukuta mmoja na godauni lake! Jumba halikumalizika. Sultani alipiga sarafu zenye jina lake, na sarafu moja ya shaba ya mtawala huyu imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Msafiri Ibn Battuta wa Tangier alimtembelea mwaka 1331 na kuusifu mji kuwa miongoni mwa mizuri aliyoiona. Anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemeni alimwomba sultani nguo alizovaa, papo hapo njiani, naye akaingia ndani akazivua akampa. Watu walimwita Baba wa Vipawa kwa ukarimu wa namna hiyo. Mara nyingi habari hii husimuliwa hadi hapo tu, lakini inaendelea. Mwana wa sultani alizikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10, na baba yake akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anataja pia kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za bara na kuteka mali. Ukarimu wa jumba lile ulikuwa na mtu aliyeulipia, na huyo jina lake halikuandikwa.

Tuje sasa kwa upande wetu wa bahari. Katika karne hizo Gujarat ilibadilisha mabwana: wafalme Wasolanki na Wavaghela wa Patan, kisha majeshi ya Delhi mwishoni mwa karne ya 13, kisha Usultani wa Gujarat kuanzia mwaka 1407. Bandari ya Khambhat iliendelea kusafirisha chini yao wote. Ilipeleka nguo za pamba, nyeupe na za nili, na shanga za akiki zilizochimbwa karibu na mto Narmada na kung'arishwa na mafundi wa huko. Shanga za kutoka India zimefukuliwa Kilwa, na zimefukuliwa pia bara sana, Zimbabwe na Mapungubwe.

Hata hivyo, wenyeji hawakuwa watu wa kungoja kuvishwa. Kilwa vimeokotwa kwa wingi vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba watu wa Sofala walifuma nguo nyeupe nzuri lakini hawakuwa na rangi. Walichofanya ni kununua nguo za buluu za Khambhat, kuzifumua uzi kwa uzi, na kuufuma upya uzi ule pamoja na mweupe wao, wakapata nguo ya rangi mbili iliyo yao. Basi fundi wa Gujarat aliyejivunia kitambaa chake hakujua kwamba upande wa pili wa bahari kilikuwa malighafi tu. Tangu tuliposoma habari hiyo tumeacha kabisa kusema kwamba tuliwaletea watu wa nchi hii nguo.

Je, Wahindu wenyewe walifika? Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, shajara ya safari yake inataja merikebu za watu wa India, wenye ndevu na nywele ndefu zilizosukwa, waliosema kwamba hawali nyama ya ng'ombe. Walipoonyeshwa picha ya Bikira Maria wakasujudu, na Wareno wakaandika kwa furaha kwamba wamewakuta Wakristo. Msomaji wa kitabu hiki hahitaji kuambiwa walikuwa akina nani. Naye rubani aliyewavusha Wareno kutoka Malindi hadi India, kwa mujibu wa Barros, alikuwa mtu wa Gujarat. Hiyo si sifa tunayoitafuta, kwa kuzingatia yaliyofuata.

Mwaka 1502 da Gama alirudi na kumtoza Amir Ibrahim wa Kilwa kodi ya dhahabu kwa vitisho vya mizinga. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, ukaporwa, na ngome ikajengwa. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome ile, kwa kuwa dhahabu ilikuwa imeacha kupita. Walitaka kuishika njia kwa nguvu, na wafanyabiashara wakatafuta njia nyingine.

Kilwa iliinuka tena katika karne ya 18, na hapa kalamu inakuwa nzito. Mwaka 1776 sultani wa wakati huo alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje, upande wa bara, ikawa bandari kubwa ya watumwa. Forodha za Sultani wa Zanzibar, pamoja na za pwani hiyo, zilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu Mbhatia wa Kachchh, na ushuru wa watumwa ulipitia katika vitabu vyake. Wapo waliotushauri tusiliandike jambo hili katika kitabu cha sherehe. Tumeona ni afadhali majirani zetu walisome humu, kwa maneno yetu, kuliko kutuuliza kwa nini tulilificha.

Misafara ya Kilwa ilielekea Ziwa Nyasa, si huku kwetu. Huku watu wa pwani walipitia Tabora. Lakini bahari ilifika ziwani kabla ya Speke kulitazama akiwa karibu na Mwanza mwezi wa Agosti 1858. Watemi wa Usukuma walivaa kibangwa, duara jeupe la kombe la Bahari ya Hindi, kuwa alama ya utawala. Kaniki, nguo nyeusi ya nili iliyovuka kutoka India, hadi leo inatafutwa madukani na waganga na wazee, na mwenye duka anayeiuza mara nyingi hajui kwamba anauza bidhaa ya Khambhat. Pesa, laki, hundi na gari ni maneno yaliyovuka bahari ileile, na hakuna Msukuma anayeyaona mageni.

Kwa wanajumuiya watakaopenda kwenda: kutoka Dar es Salaam barabara ya lami inafika hadi Kilwa Masoko, mwendo wa kilomita 300 hivi. Kibali cha kuzuru magofu hupatikana hapo Masoko kabla ya kupanda mashua. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila kingo na kuta zikianguka. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo, baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na wanakijiji wenyewe. Wao pia ndio wanaowatembeza wageni. Katika Husuni Kubwa, waombeni wawaonyeshe uwanja wa maghala.