Diwani ya Muyaka: Kutoka Vinywani Hadi Tarakilishi

Wapo wanaodhani kwamba tarakilishi ndiyo ya kwanza kuvuruga desturi ya kusoma na kughani katika Kiswahili. Historia ya mashairi ya Muyaka bin Haji yaikanusha dhana hiyo, kwani tungo hizo zilikwisha kuhama makao mara kadhaa kabla ya zama hizi.

Muyaka, aliyeishi baina ya 1776 na 1840 hivi, alitunga Mombasa ilipokuwa chini ya Mazrui, ikishindana na Lamu na hatimaye na Seyyid Said, aliyeitwaa mwaka 1837. Mashairi yake yalikusudiwa kusemwa na kujibiwa hadharani. Alipofariki, yalisalia yale ambayo Wamvita waliyapenda kiasi cha kuyahifadhi moyoni. Mchujo wa kwanza, basi, ulifanywa na wasikilizaji.

Mchujo wa pili ulifanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Yeye ndiye aliyeyakusanya mashairi hayo kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Miswada hiyo ilihamia London, ikahifadhiwa katika chuo cha SOAS. Mwaka 1940, W. Hichens aliichapisha diwani huko Johannesburg kwa herufi za Kilatini. Na mwaka 1979 M. H. Abdulaziz akatoa mjini Nairobi uchambuzi wake wa Muyaka na zama zake.

Kila hamisho lilikuwa na faida na hasara. Herufi za Kiarabu, kama zilivyozoeleka pwani, aghalabu hazikutofautisha e na i, o na u, wala p na b. Msomaji alitegemea ujuzi wake wa lahaja na wa shairi lenyewe. Herufi za Kilatini ziliuondoa utata huo, lakini tahajia sanifu haitenganishi t mbili za Kimvita, ile ya meno na ile ya ufizi. Tena, kila aliyenukuu kwa Kilatini alilazimika kuamua maana moja pale ambapo mwandiko uliruhusu mbili.

Siku hizi picha za miswada mingi ya SOAS zaonekana mtandaoni, na mkazi wa Mombasa aweza kuzitazama bila kusafiri. Hata hivyo, kutazama si kusoma. Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hafundishwi hati hiyo. Naye aliyejifunza herufi za Kiarabu chuoni kwa ajili ya Kurani hajazoezwa kusoma Kiswahili kwazo. Hali hii ikiendelea, maamuzi ya wahariri wa kale yatabaki bila kupingwa, ingawa ushahidi wa kuyapima upo wazi kwa wote.

Kwa hiyo jukumu ni la idara za Kiswahili: kuirejesha hati ya Kiarabu katika mafunzo ya fasihi, na kuwashirikisha wazee wa Mvita wangali hai wanaojua matamshi ambayo hati zote mbili hazikuyadhihirisha.